"Baba anasema nimesomea kupokea wageni"

Swali la wiki hii limetoka kwa binti wa Newala anayemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya uhusiano wa umma. Kwa ufupi anaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Ada yangu yote imetoka kwenye korosho za baba. Nikirudi likizo ananiuliza nimesomea nini hasa. Nikimweleza, anasema basi ni kupokea wageni na kumsifia mkubwa. Mwezi ujao naenda fildi kwenye taasisi moja mjini Lindi. Katika yote niliyofundishwa, yapi yatanifaa kweli kazini? Na baba nimjibu nini?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kufika ulipofika. Mfikishie baba salamu zangu. Anayesomesha kwa korosho anajua ilivyo kusubiri mnada huku barua ya ada iko mezani.

Swali lake usilikasirikie. Mwaka niliorudi na cheti changu, mjomba wangu wa Mikindani aliniuliza hilo hilo. Nikamjibu kwa maneno ya darasani: uhusiano wa umma ni juhudi za makusudi, zilizopangwa na zinazoendelezwa, za kujenga na kudumisha maelewano kati ya taasisi na umma wake. Ndivyo Waingereza walivyoieleza kazi hii, nasi tukaikariri hivyo hivyo, na wala haina kosa. Mjomba alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sawa. Sasa kesho asubuhi ukifika kazini unafanya nini?" Nikabaki kimya.

Leo ningemjibu: kesho asubuhi naenda kusikia watu wanasema nini juu yetu, kisha nampelekea mkurugenzi kama kilivyo, hata kama hatakipenda. Halafu anachoamua mkurugenzi nakirudisha kwa watu kwa lugha wanayoielewa. Kuna njia ya kupanda na njia ya kushuka. Chuo kilinifundisha vizuri ya kushuka, yaani kuandika taarifa, kupiga picha, kuandaa mkutano na waandishi. Ile ya kupanda tuliigusa kwa kipindi kimoja au viwili, na ndiyo iliyonitoa jasho kazini kwa miaka ishirini na ushee, Mtwara na Lindi.

Bila shaka umesoma habari za Mmarekani Ivy Lee. Oktoba 1906 treni ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, watu zaidi ya hamsini wakafa. Lee, aliyekuwa akiishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania, aliishawishi itoe maelezo yenyewe na iwapeleke waandishi kwenye eneo la ajali, wakati kampuni za siku zile zilikuwa zikifunga midomo. Ile karatasi yake hutajwa kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Chuoni kwetu hadithi iliishia hapo, tukapiga makofi. Miaka mingi baadaye nikasoma yaliyofuata. Mwaka 1914, baada ya wachimba makaa ya mawe na familia zao kuuawa kwenye mgomo wa Ludlow, huko Colorado, Lee huyo huyo aliwafanyia kazi akina Rockefeller, matajiri waliokuwa na hisa kwenye kampuni ya migodi, akasambaza vijarida vyenye habari zisizo za kweli kuhusu wagomaji. Jina lake likachafuka. Nakuomba uzisome hadithi zote mbili kwa pamoja. Kwenye ajali ya reli alimwambia mkubwa ukweli kuhusu kitakachotokea akinyamaza. Ludlow alichukua maneno ya wakubwa, akayabeba kwa umma bila kwenda mwenyewe kuyahakiki. Kalamu ilikuwa ile ile.

Sasa nikupeleke mahali nilipofundishwa mimi.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa kwenye taasisi moja ya huduma, sitaitaja jina. Pampu ya kisima ikaungua, mitaa kadhaa ikakosa maji. Nikaandika tangazo: "Uongozi unapenda kuwataarifu wateja wake wote kuwa, kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika chanzo cha uzalishaji, huduma itakosekana katika baadhi ya maeneo. Juhudi za kutatua changamoto hiyo zinaendelea. Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Mkurugenzi akasaini, mhuri ukagongwa, karatasi zikabandikwa kwenye mbao za matangazo za serikali za mitaa. Nilijiona nimefanya kazi yangu.

Siku ya tatu nikatumwa kupiga picha boza likigawa maji. Kwenye foleni kulikuwa na mama mwenye madumu manne ya njano aliyoyafunga pamoja kwa kamba ya katani. Akaniona na kamera, akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?" Nikasema ndiyo mama. "Umeomba radhi, ahsante. Hukusema lini." Nikaanza kumweleza habari za mafundi, akanikata. "Mama yangu anaumwa, yuko ndani, anahitaji kuoshwa. Ningejua ni siku tatu ningempeleka kwa dada Naliendele tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi nasema leo yatatoka."

Mwanangu, nilisoma chuo chenye maktaba, lakini somo la taarifa kwa umma nililielewa pale, mbele ya yale madumu manne. Ile karatasi yangu haikuwa na jambo hata moja ambalo mtu angeweza kulifanyia uamuzi. Haikutaja mtaa, haikutaja kilichoharibika wala siku. Iliandikwa ili sisi ofisini tuonekane tumesema.

Nikarudi nikamweleza mkurugenzi maneno ya yule mama kama yalivyo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi: mafundi wenyewe hawakuwa na uhakika, na tukitaja siku tukaikosa tutaitwa waongo. Tulibishana jioni nzima. Mwisho tukakubaliana kusema tunachojua, kusema tusichojua, na kusema saa ambayo tutarudi kusema tena. Tangazo la pili likasomeka hivi: "Pampu iliungua usiku wa Jumapili. Kipuri kinatoka Dar es Salaam na basi la kesho. Hatujajua kama kipuri hicho kitatosha. Kesho saa kumi na mbili jioni tutawaambia tulipofika, hata kama hakuna jipya. Boza litasimama shuleni saa mbili asubuhi na saa kumi jioni." Tulilisomesha kwa gari la kipaza sauti na kwenye redio, maana mwenye ndoo kichwani hasimami kusoma karatasi.

Tangu siku hiyo neno "changamoto" sikuliruhusu tena kwenye taarifa ya ofisi yangu. Lina mahali pake, lakini sisi watu wa mawasiliano tumelifanya shuka la kufunikia. Pampu iliyoungua imeungua. Mshahara uliochelewa umechelewa. Na huo "usumbufu utakaojitokeza" umeshajitokeza, umesimama kwenye foleni tangu alfajiri. Ukifika fildi, chukua matangazo matano ya zamani ya ofisi hiyo na kila moja uliulize: mtu akishasoma hapa, atafanya nini tofauti na jana? Lisilo na jibu, liandike upya kwenye daftari lako. Usimwonyeshe mtu kwanza.

La pili lililobaki kwangu ni neno lenyewe "umma". Ulichora jedwali la wadau, ukalipaka rangi, ukapata alama. Kwenu Newala jedwali hilo liko hai kila msimu. Yuko mkulima, chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, mwenye ghala, mnunuzi, halmashauri inayosubiri ushuru, wabeba magunia, na yuko mtu wa kangomba, mnunuzi asiye rasmi anayezunguka na fedha taslimu kabla msimu haujafunguliwa. Tangazo moja la bei ya mnada linaingia kwenye masikio hayo yote, na kila sikio linasikia lake.

Niliwahi kukaa nyuma kwenye mkutano wa chama cha msingi, mtaalamu mmoja akieleza makato kwa asilimia. Mzee mmoja alikuwa ameshika karatasi yake ya malipo, kidole gumba kimekaa juu ya mstari wa makato, akauliza, "Hiki kilichokatwa kinaitwaje kwa Kiswahili?" Mtaalamu akarudia asilimia zile zile, kwa sauti kubwa zaidi. Katibu wa chama akasimama, akatoa noti na sarafu mfukoni, akazipanga mezani mafungu mafungu. "Hii ni bei ya kilo moja mnadani. Hii inatoka kwa ajili ya ghala. Hii ya usafiri. Hii ya chama. Hii ya halmashauri. Iliyobaki hapa ndiyo yako." Mzee akasogea, akazihesabu mwenyewe mara mbili, akarudi kukaa. Hakufurahi, lakini alijua fedha yake imekwenda wapi, na akataja fungu analoona limezidi. Ule mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kuweka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kusubiri mnada, ulianza Mtwara mwaka 2007, na nyingi ya hasira nilizozisikia vijijini hazikuwa juu ya mfumo wenyewe. Zilikuwa juu ya kukatwa bila kuambiwa mapema.

Ukitaka mfano mkubwa wa hilo, rudi Novemba 2018, Rais John Magufuli alipotangaza kuwa Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Tarakimu ile iliingia kila kijiji siku ile ile. Lakini malipo yalikuwa na uhakiki ndani yake, ili fedha zisiende kwa kangomba, na uhakiki ulichukua muda. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na kazi yetu: tarakimu ikitangazwa, masharti yake yawe ndani ya sentensi ile ile, na kwa sauti ile ile. Baadaye mtu ameshaipangia hesabu, ameshamwahidi mtoto ada.

Kuna ile mifano minne ya James Grunig na Todd Hunt ya mwaka 1984, kuanzia uenezi wa upande mmoja hadi mazungumzo ya pande mbili ambayo taasisi nayo inakubali kubadilika. Mimi niliikariri kwa ajili ya mtihani. Mtwara ndiyo iliyonielewesha. Tarehe 27 Desemba 2012 watu kwa maelfu waliandamana mjini wakihoji bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, ilhali gesi ya Mnazi Bay imejulikana tangu 1982 na wao wako juu yake. Januari 2013 kukawa na vurugu, watu wakafa na mali zikachomwa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaja, akakaa na makundi ya watu wa Mtwara, akaeleza kwamba gesi itasafishwa huku huku kabla ya kusafirishwa. Mambo yakatulia kwa muda. Mei 22 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikasomwa bungeni, moto ukawaka tena. Bomba lilijengwa, na kiwanda cha kusafishia kipo Madimba.

Sitakudanganya kwamba taarifa nzuri kwa vyombo vya habari ingeyazuia yote yale. Kusini kulikuwa na kidonda cha siku nyingi cha kujiona kumesahauliwa, na kidonda cha namna hiyo hakitibiwi na karatasi. Lakini swali nililolisikia sokoni, kwenye feri ya Msanga Mkuu na vijiweni vya bodaboda lilikuwa moja na fupi: sisi tunapata nini? Na majibu mengi yaliyonifikia mwanzoni yalikuwa ya urefu wa bomba, kipenyo chake na megawati. Mtu akiuliza juu ya mwanawe ukamjibu juu ya chuma, atadhani unamficha. Habari ya kusafisha gesi hapa hapa ingesemwa mapema, kwa mdomo, kwa wazee na vijana wakiwa wamekaa, halafu wakaulizwa nini kingine kiongezwe, huo ndio ungekuwa ule mfano wa nne. Mazungumzo yanayoanza baada ya uamuzi kupita, watu huyaona kuwa ni ya kuwatuliza.

Jambo la vimbunga nalitaja kwa kuwa unaenda Lindi, na Lindi iko baharini. Aprili 2019 mamlaka zilitutahadharisha juu ya kimbunga Kenneth. Shule zikafungwa, watu wakaambiwa wahamie mahali salama, mji ukanyamaza. Jioni ya tarehe 25 kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, na Mtwara ikasalimika. Asubuhi yake nikasikia vijiweni: wametutisha bure. Ofisi nyingi zilikuwa zimeshafunga jalada, kwa sababu hatari imepita. Mimi naamini asubuhi ile ndiyo iliyokuwa na kazi zaidi ya jana yake. Watu wa Mtwara wana ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Ilitakiwa waambiwe siku ile ile kwamba kimbunga kilichokuwa kikija kwetu kimepinda kidogo tu, kimewaangukia shangazi na wajomba zetu, kimeua. Anayejua hivyo hatasema ametishwa bure, na atahama tena mara nyingine. Mara nyingine ilikuja: Mei 2024, Hidaya, mvua na mafuriko Kilwa na Lindi, barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Ukipewa kazi ya kutoa tahadhari, andika taarifa mbili tangu mwanzo, ya hatari kufika na ya hatari kupita pembeni. Ya pili usiiache ikalala kwenye kompyuta.

Kuhusu waandishi, darasani waliitwa wadau. Mkoani wengi wao ni wa kujitegemea, analipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ya kutoka Mtwara mjini hadi Nanyumbu ni yake. Utakutana na bahasha wiki ya kwanza. Msimamo wangu: nauli na chakula, kama ofisi imewaita mbali, vilipwe kwa karatasi, kiwango kimoja kwa wote, na habari itoke isitoke. Bahasha ya kunyamazisha ni kitu kingine. Niliwahi kutumwa nipeleke moja, na nilipeleka. Habari ilitoka wiki ile ile kwenye chombo kingine, safari hii na ile bahasha ikiwemo ndani. Aibu ya tatizo la kwanza ilisahaulika mapema kuliko aibu ya bahasha. Najuta hadi leo, na nakuambia ili siku mkubwa atakapokunyooshea bahasha uwe umeshaamua tangu nyumbani.

Sheria, kwa haraka, kwa sababu wanafunzi wengi huzisoma siku ya mtihani tu: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamtaka mwenye taarifa amjibu mwombaji ndani ya siku 30, kwa hiyo barua ya mwananchi si ya kuwekwa chini ya nyingine. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hadi kamera yako. Mgonjwa aliyelala wodini anapokea msaada wa mashuka hajakupa uso wake.

Sasa fildi. Watakupa kazi ya chai, ya kubeba bango la mkutano, ya kupiga picha za pamoja. Zifanye vizuri. Lakini omba ukae mapokezi angalau siku tatu. Baba yako amesema kupokea wageni. Mwambie amegusa palipo na kazi yenyewe. Mapokezi ndipo mtu anapotoa dukuduku lake kabla hajafundishwa na katibu muhtasi namna ya kusema mbele ya mkubwa. Andika maneno yao wenyewe, na ukisikia jambo lile lile kutoka kwa watu watano, umepata la kupeleka ndani. Uliza pia ufunguo wa sanduku la maoni uko kwa nani. Katika ofisi moja niliyohamia hakuna aliyejua. Tulipolivunja tukakuta karatasi zimeliwa na mchwa, kipande kimoja kimebaki na maneno mawili: "mara ya tatu". Mara ya tatu ya nini, hatukujua kamwe, na mwandishi wake bila shaka alikuwa akitungoja.

Utakapopeleka jambo kwa mkubwa, peleka faragha, peleka mapema, na usiende mikono mitupu: sema watu wanasema nini, wangapi umewasikia, na unapendekeza nini. Akikataa, usilitangaze nje. Andika tarehe kwenye daftari, rudi tena likikua. Wakubwa wengi niliofanya nao kazi hawakuwa wabaya. Walikuwa wamezungukwa na watu waliowaambia kila kitu kiko shwari.

Kwa baba, usijibu kwa ufafanuzi wa darasani. Ngoja mkutano wa chama chake utakaofuata, muombe uende naye. Kaa nyuma, usiseme neno. Andika kila swali watakaloliuliza wakulima, kwa maneno yao, na pembeni andika kama lilijibiwa, halikujibiwa, au lilijibiwa kwa lugha isiyoeleweka. Jioni mkisharudi, kabla ya chakula, msomee orodha yote na umuulize ni yapi umeyakosa.